Maksai wa Baba

Kwetu Bariadi, mtoto ambaye baba yake hajatoa ng'ombe wa mahari ni wa kwa mama yake, na jambo hilo halina mjadala. Mimi nilikuwa wa guku, yaani babu mzaa mama, pamoja na zizi lake na mbwa wake mkorofi. Baba alikuwa Mwarabu wa duka kule Malampaka, karibu na stesheni ya reli. Miaka ile ya rafu tupu hakuwa na hata kibiriti cha kuuza, seuze ng'ombe wa kutoa.

Shuleni waliniita Mwarabu. Likizo nikienda Malampaka, binamu zangu wananiita Msukuma. Hayo niliyamaliza kwa ngumi, maana hasira zangu ziko karibu mpaka leo. Lililoniuma ni neno la msichana mmoja wa darasa letu aliyesema mimi ni mtoto wa bure, sijatolewa hata mbuzi. Huyo nilishindwa kumpiga, kwa sababu alisema kweli.

Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa gulioni, watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, na baba akapata lori. Msimu ulipoisha akatuma habari kwamba anakuja kutoa ng'ombe, na jioni hiyo hiyo ataondoka nami nikaishi kwa mama yake.

Mayu, mama yangu, akazikunja nguo zangu akazitia kwenye mfuko wa rambo. Mimi nilitaka sana ng'ombe waje, tena wapitie mbele ya nyumba ya yule msichana. Kuondoka ndiko nilikokuwa sitaki. Nilifagia uwanja wa wageni huku nalia, na bibi, mke wa guku, akanikemea kwamba naloanisha vumbi.

Lori lilipofika, wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kaa. Jamani, wale ng'ombe. Walikuwa wakubwa, weusi, mgongoni ungeweza kutandika mkeka ukalala. Baba alisimama pembeni na kanzu yake nyeupe, anajifuta jasho, anangoja kusifiwa. Nikajisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza, nikatazama barabarani kama yule msichana anaona.

Guku akainuka. Akamzunguka wa kwanza, akainama nyuma yake, akachungulia. Akaenda kwa wa pili, akainama tena. Alipofika kwa wa mwisho, wajomba walikuwa wameziba midomo kwa mikono.

"Mwarabu," guku akasema kwa upole, "hawa ni maksai."

"Ndiyo mzee. Nimechagua walionona kuliko wote mnadani."

"Wote wamehasiwa."

"Wote, mzee."

"Sasa kwangu watazaa nini?"

Hapo mjomba wangu mkubwa akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Baba maskini alikuwa mfanyabiashara, ng'ombe kwake ni nyama. Hakuna aliyemwambia kwamba binti wa watu hutolewa mitamba, ng'ombe majike watakaozaa na kulijaza boma alilotoka. Uso ukamwiva. Nikamwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, kwa sababu nilijua kesho shuleni kutakuwa na habari.

Akasema atawarudisha mnadani. Guku akawatazama wale maksai, na mimi niliyemjua nikaona jinsi anavyowatamani. Plau yake ilikuwa inavutwa na maksai wawili wazee wanaochechemea.

"Wageni wakishaingia zizini hawafukuzwi," akasema. "Acha walime. Mitamba ukiwaleta, tutazungumza. Mtoto yupo, haendi popote."

Nikauchukua mfuko wangu pale mlangoni, nikakimbia kuurudisha ndani.

Mvua ziliponyesha tulilima mpaka majirani wakaja kuazima. Mimi ndiye niliyeshika kamba mbele, na mtu akiuliza maksai hawa ni wa nani, najibu kwa sauti, "Wa baba yangu." Tulilima hata shamba la kwao yule msichana. Alituletea maji ya kunywa mwenyewe, na neno la bure halikutoka tena kinywani mwake.

Baba naye akaanza kuleta mitamba, mmoja mmoja, kila alipopata. Guku alikuwa na kasoro kwa kila mmoja. Huyu pembe zimepinda, yule anatazama watu vibaya. Baba anarudi naye, anakuja na mwingine. Kila akija, lazima ale, lazima alale, lazima ajibu "mwadila", salamu za jioni, za mtaa mzima. Akafundishwa kwamba mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe, basi bibi akitokea tu, baba anajitupa nyuma ya ghala na kanzu yake. Bibi akawa anapita pale makusudi, hata kama hana safari. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mayu pia akaanza kucheka, na muda si mrefu baba akapanga chumba cha duka pale Bariadi, eti ili awe karibu na mnada.

Nilipomaliza la saba, mtamba wa mwisho akaingia. Guku akamzunguka, akainama, hakuona kasoro. Akakaa.

"Mkwe," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Umemaliza. Mtoto ni wako, mchukue uende naye."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanzu ina matope ya zizini, mkononi ana tonge la ugali. Mayu alikuwa kwenye duka la baba anauza. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya mtamba. Baba akanitazama, akamtazama guku, akaonekana hakuelewa anachoambiwa.

"Nimpeleke wapi, mzee?" akasema, akachovya tonge lake kwenye mchuzi.