Fimbo Isiyopanda Lori

Sikuondoka Kolwezi kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu baba yangu alikuwa ameacha kula, na aliacha kula kwa sababu ya treni.

Ngoja nieleze vizuri. Baba, Mzee Ramazani, au Tata Ramazani kama tunavyosema huku, aliendesha treni kwenye njia ya magharibi, ile inayotoka Kolwezi, ikapita Mutshatsha, ikafika Dilolo na kukata Angola nzima mpaka baharini. Babu yangu naye alishuka kutoka Kasongo akauza vitambaa kando ya reli hiyohiyo. Kwa hiyo sisi ni ukoo wa Waislamu ulioletwa huku na magurudumu. Kisha vita vya Angola vikaifunga njia ya bahari, shaba ikageuziwa pande nyingine, na upande wetu treni zikapungua mwaka hadi mwaka mpaka nyasi zikaota katikati ya reli. Baba akastaafu. Mimi nikaolewa, nikaingia kwenye biashara ya samaki wakavu na vitenge, na mizigo yangu yote ikasafiri kwa lori. Baba hakunisamehe lori hata siku moja.

Sasa treni zimerudi. Zinapita na shaba kuelekea Lobito, ndefu mpaka ukizitazama unasahau ulichokuwa unafanya, na filimbi yao inasikika mpaka nyumbani kwetu Musonoi. Watu walifurahi. Baba peke yake alishikwa na hofu. Kila filimbi ilipolia aliacha tonge sahanini, akasimama mlangoni, fimbo mkononi.

Fimbo hiyo ndiyo habari yenyewe. Njia ya reli ni moja na treni zinatoka pande mbili. Zamani, kwenye kipande cha mwisho kabla ya Mutshatsha, dereva hakuruhusiwa kuingia bila kushika batoni, fimbo ya mti yenye kofia ya shaba. Batoni ni moja tu, basi treni ndani ya kipande kile ni moja tu, na hakuna kugongana. Ukifika mwisho unaikabidhi kwa mkuu wa gare, yaani stesheni, naye anampa dereva wa upande wa pili. Inatoka mkononi kwenda mkononi. Haiwekwi chini, haiachwi kwenye benchi, wala haipandi chombo chochote kisicho cha reli.

Safari yake ya mwisho Baba alitoka nayo Mutshatsha akafika kwenye gare ndogo ambako angeikabidhi. Akakuta mlango umefungwa, hakuna mtu. Mwingine angeiegemeza mlangoni akaenda zake. Baba alipiga filimbi, akaita, akangoja mpaka wasaidizi wake wakanuna, mwishowe akaja nayo Kolwezi akitumaini atairudisha safari ijayo. Safari ijayo hakupewa. Batoni ikakaa juu ya misumari miwili kwenye ukuta wa chumba chake, imefungwa kwa kitenge, na sisi watoto tulikuwa tunaamini ni dawa.

Kwa mawazo yake, basi, njia ile bado ina treni ndani, naye ndiye aliyeishika. Na hizi mpya zinaingia tu.

"Mama," aliniambia, kwa maana nina jina la mama yake, "batoni iko kwangu, na bo banapita. Siku moja bantu batakufa, na mi njo nitakuwa nimebaua."

Nilimweleza kwamba siku hizi kuna redio na simu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya Kinshasa. Mwili wake ulikuwa umeisha, mikono imebaki mifupa, na mimi niliogopa kitu kimoja tu, kwamba tutamzika na hofu ile kifuani. Nikasema nitairudisha Mutshatsha mwenyewe. Uso ukamfunguka. Halafu akanishika kiganja.

"Haipande kamyo. Uniahidi."

Nikaahidi, mimi ninayeishi kwa lori.

Asubuhi ya kwanza nilifika gare ya Kolwezi saa kumi na mbili, nimevaa viatu vyangu vizuri, batoni kwapani. Nikaambiwa treni ya abiria huenda ikawa wiki hii, huenda ikawa ijayo. Asubuhi ya pili vilevile. Asubuhi ya tatu wauza mkate walikuwa wamekwisha kunipa jina, Mama Fimbo, na mimi nilikuwa nimekwisha gombana na wawili kati yao.

Siku hiyo ya tatu nilikiona kikosi cha mafundi wa njia wakipakia nyundo na mabomba ya maji kwenye drezini, kile kigari kidogo cha injini kinachokwenda juu ya reli. Mkubwa wao, Tata Mulumba, mtu mnene wa sauti ndogo, alinikatalia hata kabla sijamaliza salamu. Abiria hawapandi drezini. Nikafungua kitenge nikamwonyesha. Akaigeuzia macho bila kuigusa, akasoma jina la Mutshatsha lililobaki nusu kwenye shaba, akauliza imetoka wapi. Nilimsimulia yote pale, nimesimama. Akasogeza nyundo pembeni.

"Ile kintu ni ya reli, inaweza kupanda," akasema. "Na weye njo mwenye kuibeba. Panda."

Lakini akanionya kwamba kazi yao inaishia ile gare ndogo. Mbele ya hapo nijitegemee.

Saa mbili tukaondoka. Tuliacha nyuma vilima vyeupe vya Kingamyambo, ambako mabaki ya zamani yanaoshwa upya kutafuta shaba iliyosahauliwa, tukawapita vijana wa kuchimba wanarudi na magunia yao, nyuso za vumbi, wakatupungia. Kisha msitu mwembamba ukatupokea na upepo ukawa mzuri. Nimepita barabara ya upande ule mara zisizohesabika, nikiwa nimefunika pua kwa vumbi, sikujua kwamba reli ina nchi yake. Shule moja imetundika kipande cha reli mtini na ndiyo kengele yao. Mbele kidogo wametengeneza daraja la kijito kwa mataruma ya chuma. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza mihogo kijiji chake kinaitwaje, akanitajia namba ya kilomita ya reli. Treni ilikuwa imewakimbia miaka yote ile, na bado watu walikuwa wanakaa kwa mpango wake. Nilijikuta nacheka peke yangu juu ya drezini, batoni mapajani, nikaona kumbe Baba si mtu wa ajabu peke yake.

Saa saba tukafika gare ndogo. Mapaa yameondoka, madirisha yameondoka, mbuzi watatu wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Ule mlango uliofungwa siku ile haukuwepo hata fremu yake. Nilisimama mahali ulipokuwa nikapiga hodi. Msinicheke, nilipiga hodi kweli. Tata Mulumba alijifanya anatazama nati.

Hapo ndipo barabara inapokata reli, na hapo ndipo shetani alipokuja na lori la mzigo wangu mwenyewe. Kalonji, dereva anayenibebea samaki kwa miaka, alikuwa anaelekea Mutshatsha na mzigo wangu. Nilipomweleza ahadi yangu, alicheka mpaka akashikilia usukani.

"Mama Zabibu, muzee iko Kolwezi," akaniambia. "Nani atamwambia?"

Jua lilikuwa kali. Kipande kilichobaki ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na magoti yangu si ya msichana. Niliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Ndiyo, niliuweka. Halafu nikageuka nikaiona ile nafasi ya mlango. Na Baba, siku ile, kama angeiegemeza pale akaenda nyumbani kula, nani angemwambia?

Nikashuka. Begi langu likapanda lori, viatu vizuri vikapanda, nikabaki na kandambili na batoni. Kalonji aliondoka anatikisa kichwa.

Saa nane nilikuwa katikati ya reli, nyuma ya mama mmoja anayeitwa Ngalula, ambaye hubeba makaa kwenda soko la Mutshatsha. Alikuwa na gunia kichwani, anatembea juu ya mataruma bila kutazama chini, na mimi nisiye na mzigo nilikuwa najikwaa. Aliniuliza fimbo ni ya nini. Nilipomweleza, hakushangaa. Mume wake, alisema, alikuwa mfanyakazi wa reli, na mpaka kesho hali chakula cha mchana kabla hajakwenda kutazama upande zilikotoka treni. Tukatembea tukiwasengenya hao wanaume wetu wa reli, na njia ikawa fupi.

Kabla ya saa kumi reli ikaanza kuimba chini ya miguu. Ngalula akanivuta nyasini. Ikaja treni ya shaba, inatoka nyuma yetu, inaingia kwenye kipande kilekile, na batoni yake ninayo mimi. Nilijua kwa kichwa kwamba dereva ana redio. Mwili haukujua. Nikainua batoni juu kwa mikono miwili, nikiwa kama baba yangu mlangoni, mpaka mabega yakaniuma. Dereva alidhani mama mmoja anamsalimu. Akanipungia, akapiga filimbi, akapita. Nilibaki nimesimama pale nalia, na Ngalula akanisubiri.

Alasiri tukafika Mutshatsha. Ngalula akaenda sokoni, mimi nikaenda gare. Mkuu wake ni kijana wa shati safi, ana redio mezani na simu mbili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaonyesha kona.

"Sawa, Mama. Weka pale chini."

Jamani, nilimfokea. Nilikuwa nimetembea, nimelia, nimejaa vumbi, na mtu ananiambia niweke chini. Nilimwambia kwamba kuna mzee Kolwezi hali chakula kwa sababu hakuiweka chini.  Kijana akazima sauti ya redio, akaniuliza anisaidieje. Nikampigia Baba simu nikaifungua sauti ili sote tusikie, na kijana akamsalimu.

"Weye ni nani?" Baba akauliza.

"Ni shefu wa gare ya Mutshatsha, Tata."

"Simama."

Sijui alijuaje kwamba kijana amekaa. Kijana akasimama, akafunga kifungo cha shati cha juu.

"Pokea na mikono mibili."

Nikamkabidhi, akapokea kwa mikono miwili. Shaba ilikuwa imepata joto la mkono wangu. Nikamnong'oneza maneno ya kutangaza kwamba njia iko wazi, maana hayo nimeyasikia tangu utotoni, naye akayasema polepole, akiinamia simu.

"Batoni imefika, Tata. Njia iko libre."

 Upande wa pili tulisikia pumzi tu, ndefu, moja baada ya nyingine. Kisha Baba akauliza kama wamekwisha kuandika saa. Kijana akafungua daftari la treni, akatazama saa ukutani, akaandika.

"Andika na retard," Baba akasema, maana kuchelewa nako huandikwa.

Kijana akaniangalia mimi. "Retard ya ngapi, Tata?"

Baba alifikiri. "Andika tu retard. Batajua."

Kijana hakuiweka kona. Alitafuta nyundo, akapiga misumari miwili ukutani juu ya redio, akaitundika. Mimi akaniandikia karatasi ya kuthibitisha, yenye muhuri, na akanisindikiza mpaka barabarani.

Asubuhi ya kurudi nilipanda lori la Kalonji, mbele, miguu nimeinyoosha, sina deni na mtu. Alinitania njia nzima. Tulipofika pale barabara inapokata reli akapunguza mwendo bila mimi kumwambia.

Mchana nikafika Musonoi. Nilichojifunza nakisema kwa aibu, kwa maana nimeishi na baba yangu miaka hamsini na zaidi. Nilidhani anaililia kazi yake na ujana wake. Kumbe alikuwa anawalinda watu asiowajua, madereva wasiomjua, kwa njia moja tu aliyofundishwa. Nilimpa karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja ndani ya kile kitenge kilichofunga batoni na kukitundika kwenye misumari yake.

Kisha tukakaa kula, bukari, yaani ugali, na sombe la majani ya mihogo na samaki wangu mwenyewe. Baba alikuwa kwenye tonge la tatu filimbi ilipolia. Dada zangu wakaacha kutafuna. Mimi nikashika ukingo wa mkeka. Baba akainua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa juu ya sahani.

"Huyu hajue kupiga filimbi," akasema. "Muniongezee sombe."