Ndege wa Riziki na Lebo ya Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya lililoshonwa mtaani Mwanga, nimejipaka mafuta hadi magotini, nikidhani nitakalishwa mezani. Mkutubi wa Mkoa, mzee mrefu mwenyeji wa Bukoba aliyezungumza polepole kama mtu anayesoma, akanionyesha chumba cha watoto.

"Binti, futa rafu zote. Ukimaliza utakuwa umeshika kila kitabu tulicho nacho. Kesho nitakuuliza."

Nilifuta huku nikikariri majina ya vitabu, maana sikujua ataniuliza nini. Kesho yake hakuuliza kitu. Baadaye nilimjua: alikuwa anaiacha hofu ifanye nusu ya kazi yake.

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Nikifunga mlango hurudi kuutikisa. Ukutubi ulinifaa, kwa kuwa ni kazi ya watu wanaoogopa kupoteza vitu. Ninyi mnaofanya kazi hii kwa kompyuta mnivumilie kidogo. Kitabu kipya kiliandikishwa kwanza, kikapewa namba, kikagongwa mhuri, kisha nyuma ndani ya jalada tukabandika mfuko mdogo wa karatasi wenye kadi. Msomaji akiazima, kadi ilibaki kwetu. Mwisho ilikuja lebo ya mgongoni. Kwenye chumba cha watoto tulitumia rangi, maana wengi hawakuwa wamezoea tarakimu. Nyekundu ilikuwa hadithi, mambo ya kubuni. Kijani ilikuwa maarifa: wanyama, mimea, nchi, mambo ya kweli. Niliwafundisha watoto waimbe, "Nyekundu kimebuniwa, kijani kimeonekana." Waliimba hata njiani wakirudi Ujiji, mpaka wazazi wakanilalamikia.

Baadaye nikahamishiwa maktaba ya masanduku. Tulijaza vitabu kwenye masanduku ya mbao na kuyapeleka vijiji vya ufukweni mwa ziwa kwa maboti ya wavuvi kutoka Katonga. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, wavuvi wanapumzika na maboti yanakuwa huru. Kwa hiyo ratiba ya maandishi ilitoka Dar es Salaam, lakini tulisafiri mwezi ulipotaka. Mimi na maji hatupatani. Nilikaa juu ya sanduku safari nzima, nimelishika kwa mikono miwili, na manahodha walikuwa wakiniuliza kama ninataga.

Lakini tulipofika, jamani, raha ile sijaipata kwingine. Watoto walikuja mbio na magamba ya samaki mikononi, nikawatuma kwanza wakanawe. Mmoja alisoma kwa sauti, bibi yake akaitikia kwa Kiha na kupiga makofi ya heshima kana kwamba kitabu ni mgeni aliyeingia nyumbani. Kitu kimoja tu kilinikera. Walisoma habari za tembo na theluji, hawakuwa na hata ukurasa mmoja wa migebuka, samaki wa ziwani kwao waliowala jana. Nikaona vitabu vya namna hiyo tuviandike wenyewe. Nilibuni zoezi nililoliita kukaa na kitu. Kila mtoto alichagua kitu kimoja cha asili, jani, chungu, jiwe, akakaa nacho mpaka kimchoshe, kisha akaendelea kukaa. Ukishachoka ndipo unaanza kuona. Hapo ndipo aliruhusiwa kuandika, na akitaka kuongeza la kubuni, aongeze.

Halafu vita vikawaka ng'ambo ya ziwa. Maboti yaliyokuwa yakileta dagaa yakaleta watu. Mkutubi wa Mkoa wa wakati huo alikuwa mwingine, kijana wa Kilimanjaro, mashati yake yamepigwa pasi kama karatasi, mpenda utaratibu kuliko chakula. Akanituma na sanduku langu kwenye kituo cha mapokezi cha wakimbizi, karibu na mji. Mkuu wa Kituo alinipokea akiwa amesimama.

"Watoto waandike habari za asili tu," alisema. "Mti hauna kabila. Vita sivitaki kwenye kituo changu."

Nilikubali. Pale kituoni jina la mtu au la kijiji likisomwa kwa sauti lingeweza kusikiwa na asiyepaswa kulisikia. Kila ukurasa niliupitia kabla haujashonwa.

Vitabu tulivishona kwa uzi wa magunia na majalada ya manila, tukavipa mifuko, kadi na lebo kama vitabu vingine, na wimbo wa rangi nikawafundisha watoto wa pale. Kati ya waandishi wangu alikuwamo Riziki, msichana wa umri wa darasa la nne, kutoka upande wa Kongo. Alivuka na majirani, majirani wakaondoka, akabaki peke yake. Alichagua kukaa na mdiria, ndege mdogo aliyetoboa shimo kwenye ukingo wa bwawa la udongo, pale walipochimba udongo wa matofali nyuma ya ghala la kituo. Nilikaa naye mara nyingi. Tulimtazama yule ndege akipiga mbizi, akirudi na kisamaki, akikigonga kwenye tawi. Riziki hakuwa msemaji, lakini siku ndege alipokosa shabaha mara tatu mfululizo alicheka mpaka akajishika mbavu. Nilifurahi kuliko yeye.

Kitabu chake kilianza hivi: "Mama yangu ana ndege. Ndege anaishi kwenye shimo nyuma ya jiko letu. Mgongo wake ni buluu na tumbo ni rangi ya mawese. Asubuhi mama anasimama na dagaa kwenye vidole, anapiga mluzi, ndege anakuja kula mkononi."

Mkutubi alipokuja kukagua, alikisoma akafurahi. "Kijani," alisema.

"Bosi, hapo kwa mama kabuni. Ndege mwenyewe yuko hapo nyuma ya ghala."

"Amemweleza ndege mpaka rangi ya mdomo. Haya ni maarifa. Bi Tatu, shika gundi."

Bosi ni bosi. Nikashika gundi. Jumamosi kitabu kikasomwa mbele ya watu wote chini ya turubai, kisha kikakaa rafuni na lebo yake ya kijani.

Wiki iliyofuata Afisa Ustawi wa Jamii aliniita. Alikuwa dada wa Iringa, mpole, macho yamemwiva kwa uchovu. Mbele yake alikaa mama mmoja mkimbizi, Mama Feza, kitenge amejifunika mpaka mabegani. Riziki alisimama ukutani.

"Tumempata mama yake," afisa akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Anajua mambo ya nyumbani kwao ambayo mgeni hawezi kuyajua. Kesho lori linapeleka familia kambini, wataondoka pamoja."

"Mambo gani?"

"Miye ndiye nilikuwa nalisha ile ndege," Mama Feza akajibu. "Nyuma ya jiko. Nilikuwa napiga mluzi. Hata mvua ikinyesha ilikuwa nakuja."

Mvua haikuwamo kitabuni. Aliiongeza mwenyewe, na aliisema vizuri.

"Lakini kile kitabu ni hadithi," nikasema.

Afisa alinitazama kwa mshangao. "Kina lebo ya kijani, Bi Tatu. Watoto wenu wanaimba kila siku kijani kimeonekana."

Ilikuwa kweli, wimbo ni wangu. Tena afisa alimwuliza Riziki mbele yetu, "Ndege wa kwenye kitabu unamjua?" na Riziki akaitikia kwa kichwa. Nikaomba ruhusa nikamchukua tukaenda bwawani. Wakati ule tulisikia kila namna ya habari za watoto wanaodaiwa na watu wasio wao: waliopelekwa kuparua samaki kutwa kwenye madago, kambi za wavuvi, waliofanywa watumishi, wasichana ambao hawakusikika tena. Na tulisikia pia habari za wanawake wema waliowalea watoto wa wenzao kama wao. Kwa uso tu, nani angewatofautisha?

"Mama yako alikuwa na ndege?" nikamwuliza.

"Mama alikuwa anaogopa ndege. Hata kuku."

"Na huyu mama?"

"Simujue."

"Mbona hukusema mbele ya afisa?"

"Hawakuniuliza mama. Waliniuliza ndege." Akatupa donge la udongo majini. Mdiria alikuwa hayupo. "Mwalimu, yule mama ananiita jina langu vizuri."

Nilimshika mkono tukarudi, na njia nzima nilikuwa ninabishana na nafsi yangu. Nikinyamaza, naweza kuwa nimemwuza mtoto. Nikisema, namrudisha kulala kwenye hema la watoto wasio na mtu. Mwisho nilimwambia afisa kila kitu, na Riziki, alipoulizwa sasa swali lenyewe, alisema hamjui mama yule. Afisa akaweka kalamu chini.

Mama Feza hakubisha wala hakulia. Alinyoosha kiganja hewani, usawa wa bega la Riziki.

"Wangu alikuwa kimo hiki," alisema. Kisha akakusanya kitenge chake akatoka, na kesho yake aliondoka na lori akiwa peke yake.

Mkutubi alinisifu kwa Mkuu wa Kituo, akasema nimeonyesha uangalifu wa kitaaluma. Lebo aliibandua mwenyewe akaweka nyekundu. Sifa zile hazikunipa usingizi.

Nimestaafu sasa. Ninaishi Ujiji, barazani kwangu wapo watoto wa jirani wanaosoma na kuandika, na jioni tunakwenda ufukweni kukaa na vitu. Mimi mwenyewe nimeandika vitabu kadhaa vya watoto, vya konokono, vya kaa, vya mvua inayotoka milima ya ng'ambo. Raha yake haijapungua, nawaambieni kweli. Mtoto anapoinua kichwa kutoka kwenye ukurasa wake na macho yamemng'aa, nasahau hata goti langu. Mnaoanza kazi hii mtaniuliza kama kijani na nyekundu zina maana bado. Zina maana. Lakini msidhani kwamba ukishajua lipi limebuniwa, umeshajua na la kufanya.

Riziki alikaa kituoni miezi mingine, hakuna mtu aliyekuja kumtafuta. Ikafika zamu yake ya kupelekwa kambini, pamoja na watoto wengine wa namna yake, na si kambi ile alikopelekwa Mama Feza. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekwisha panda lorini, kadi yake imening'inia shingoni, na mimi nilikuwa nimesimama chini ninamkagua vifungo vya sweta kwa macho, kama kawaida yangu.

Akainama juu ya ubao wa lori.

"Mwalimu, kama ningesema ile ndege ilikuwa yetu, ungeniacha niende na yule mama?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Ningekuacha."

Akafunga kifungo cha juu cha sweta.

"Basi ningesema," akasema, akaenda kukaa na wenzake.