Kifuniko Kisicho na Tiki

Miaka sita tulifanya kazi wawili katika maabara ndogo ya mifugo hapa Mpanda, mimi na mzee mmoja mcheshi. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kuandaa makasha mapya ya kemikali. Mimi nilikuwa naanzia kwenye kupima damu. Alipohamishiwa Tabora nilimsindikiza stesheni, nikarudi na bajaji peke yangu. Tangu siku hiyo chai naywa nikitazamana na ukuta.

Kisha ikaja damu kutoka Majimoto. Mfugaji alikuwa amefiwa na ng'ombe wanne, na wa mwisho alishafukiwa. Kichupa alichoniletea kilitosha kipimo kimoja tu, naye alitaka kujua awakinge waliobaki na nini. Kasha pekee la kemikali za kutoa na kusafisha vinasaba, yaani DNA, lilikuwa limepitwa na muda kwa miezi mitano. Jipya liko njiani, niliambiwa, na njia za huku ni ndefu.

Sikuthubutu kuigusa damu ile. Nikajipangusa shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, nikajaribia kemikali kwa vinasaba vyangu mwenyewe. Kama vinasaba vimetoka, chini ya taa ulipaswa kuonekana mstari. Hapakuwa na kitu. Niliangalia pale nilipotakiwa kuonekana mimi, na sitaki kudanganya, nililia. Kisha nikaitukana tarehe ya kwenye kasha, nikalibeba nikalitupe.

Kabla sijalitupa nikampigia mzee. Nadhani nilitaka tu kusikia sauti ya mtu. Nikamweleza yote.

"Chupa ya kuoshea umeiongezea alkoholi?" akauliza.

"Si inakujaga nayo, baba?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, miaka yote naweka mimi! Angalia kifuniko. Nikishaweka, napiga tiki."

Kifuniko kilikuwa kitupu. Miaka sita nimetumia tiki zake bila kuziona.

Nikaongeza alkoholi, nikarudia shavu langu. Mstari ukatokea, mnene kabisa. Ndipo nikapima damu ya Majimoto: ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kwenye fomu niliandika wazi kuwa kemikali zilipitwa na muda, na kwamba nilizijaribu kwanza. Mfugaji nilimpigia palepale, nikamwambia awaogeshe ng'ombe wake kwa dawa ya kupe bila kuchelewa.

Nikampigia na mzee kumwambia imekubali. Hakupokea. Nikachukua kalamu, nikapiga tiki kwenye kifuniko, ya kwanza maishani mwangu, nikageuka kumwonyesha mzee. Nikakutana na ukuta.