Jembe la Mzee Mahona

Emilian Mahona amechomelea mageti pale Kitete kwa miaka ishirini na saba, na ukimwuliza nani bingwa wa chuma mtaa ule, atakuonyesha kifua chake mwenyewe. Kwa hiyo ilimwuma, tena ilimchanganya, kwamba chuma kilichomshinda ni kipande kisichozidi viganja viwili, kilichofuliwa na babu yake.

Kilikuwa jembe. Babu huyo, Mzee Mahona, alilitoa kwenye mawe. Aliokota mawe mekundu, akayapanga pamoja na mkaa wa miti migumu ndani ya tanuru la udongo wa kichuguu, watu wakavukuta mivukuto kutwa kucha mpaka mavi ya chuma yakatiririka pembeni na donge likabaki chini. Donge hilo akalifua likawa jembe, akalikata alama tatu kwa patasi kwenye bapa, akalitia mpini. Tangu hapo, binti wa ukoo akiposwa, shangazi mkubwa hulipapasa jembe. Akizikuta alama hulitaja jina la mhunzi, ndipo wageni huruhusiwa kusema lililowaleta. Asipolitaja, wageni hunywa chai na kurudi kwao.

Shangazi huyo sasa ni Dafrosa wa Ntalikwa, binti wa Mzee Mahona, mwenye miaka themanini na sita na macho yasiyoona tena. Jembe lilikaa jikoni kwake, juu ya mafiga, likila moshi, na kila Jumamosi alilipaka samli. Mvua zilipopamba moto alimpelekea Emilian, maana Julieth, binti yake Emilian, alikuwa anaposwa na watu wa Nzega.

"Limechafuka mno hili," Emilian alimwambia mkewe. "Wageni watatuonaje?"

"Shangazi kasema lisiguswe," Pelagia akamjibu.

"Shangazi ni mkulima. Fundi ni mimi."

Akaliosha kwa sabuni na maji ya bomba, kisha akaliwashia grenda. Masizi yakaruka, weusi wote ukatoka, jembe likang'aa hadi likamfurahisha moyo, akalitundika sebuleni karibu na dirisha. Siku ya tatu likatoa vidoadoa vya rangi ya chungwa. Akavipiga msasa, vikarudi. Akapaka rangi ya geti juu yake, rangi ikavimba malengelenge, na chini ya malengelenge kutu ilikuwa inaendelea na kazi yake. Akairudia grenda, akakwangua yote.

Hapo alichanganyikiwa kweli. Jembe limekaa kwenye masizi karibu miaka mia bila kutu, leo limeoga ndiyo linaoza? Alishuku sabuni, akashuku maji ya bomba, akamshuku hata jirani mwenye kijicho. Akayakumbuka na mageti yake, yale ambayo wateja humrudishia kila baada ya masika. Siku zote aliwaambia ni mvua za Tabora. Sasa jembe lilikuwa ndani ya nyumba, na mvua haikuligusa.

Jumamosi wageni wa Nzega walikaa kwenye viti vyao. Julieth alikuwa nyuma ya pazia, ameshika shavu. Dafrosa akaingia akiongozwa na Pelagia.

"Shikamoo, shangazi," Emilian akamwamkia.

"Marahaba, baba. Lete."

Kidole gumba cha bibi kilitembea juu ya bapa, kikarudi, kikatafuta tena.

"Hili la dukani," akasema. "La baba umelipeleka wapi?"

"Ndilo lenyewe, shangazi. Nililing'arisha."

"Ulilivua nguo," Dafrosa akasema taratibu. "Mkaa ndio ulioyalazimisha mawe yaachie chuma. Baba alisema chuma hakijasahau. Kikipata maji na hewa, kinataka kurudi kuwa mawe. Moshi na samli ndivyo vilivyokizuia. Wewe ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni uchafu."

Mgeni mmoja akakohoa na kuanza kutafuta viatu vyake. Emilian aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Ndipo akaukumbuka mpini. Akaugonga kwenye kizingiti mara tatu, ukatoka, na mkia wa jembe uliokuwa umejificha ndani ya mti ukaonekana mweusi tii, una mabonde ya nyundo. Huko grenda haikufika.

Dafrosa aliunusa. Akaupapasa bonde kwa bonde.

"Huyu ni baba," akasema, na machozi yakamtoka. Kisha kidole kikateremka mpaka kwenye bapa lenye kutu, kikasimama. "Na huku ni nani?"



Bibi akalilaza jembe mapajani, akainua uso kwa wageni. "Mahona," akataja. Julieth akashusha pumzi nyuma ya pazia. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Bila kucheka wala kukunja uso akaongeza jina la pili: "Na Emilian."

Julieth aliolewa. Jembe sasa liko jikoni kwa Pelagia, juu ya jiko la mkaa, na kila Jumamosi Emilian hulipaka samli kwa mikono yake. Mpaka leo hajui kama siku ile aliheshimiwa au alisemwa, na kumwuliza shangazi anaogopa.