Kiti cha Nyanya

Mjomba aliifungia pikapu yake kuukuu springi za lori, ipite matope ya kutoka Makina hadi Kawangware. Ikainuka, lakini ikawa ngumu: ikiwa tupu, nyuma inarukaruka na magurudumu yanazunguka bure. Basi kila safari ya mvua akambeba mamake, yaani nyanya yangu, mnene kuliko wote mtaani, akamketisha nyuma, juu ya magurudumu. Ilinikera. Mama mzazi anakaaje nyuma kama gunia, na kiti cha mbele kipo? Nikamuuliza mwenyewe kama anajua amefanywa mzigo. Nyanya akacheka mpaka leso ikamwanguka begani. "Najua sana. Mbele ningekuwa abiria tu. Huku nyuma, nikishuka, hakuna anayefika."