Kicheko cha Shangazi Kwenye Dirisha Namba Tatu

Kipindi cha usiku wa manane kilirekodiwa saa nane mchana, saa ambayo mtu mwenye akili zake hachekeshwi na kitu, ama kwa kuwa ameshiba ama kwa kuwa hajala. Ndiyo maana kilihitaji fundi wa vicheko.

Fundi mwenyewe hakuwa mcheshi. Akisimulia kichekesho kwenye msiba wangelia zaidi, akisimulia harusini wangeuliza saa ngapi chakula. Alianza ujanani kwa kufungua redio mbovu za majirani, akaingia kituo cha televisheni kubeba nyaya, akapanda taratibu mpaka kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Hapo akaota mizizi. Miaka kumi na mmoja, hedifoni masikioni, akiwachekea watu wasiokuwepo.

Kipindi kiliitwa Dirisha Namba Tatu. Kilikuwa ofisi moja ya mbao yenye kidirisha, na nyuma ya kidirisha alikaa karani aliyepokea malalamiko yasiyopokeleka. Mmoja alikuja kurudisha umri wake kwa sababu haumtoshi. Mwingine alitaka risiti ya usingizi aliopoteza. Mwigizaji wake, naye akiitwa Karani, aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna aliyewahi kuona meno yake, iwe kazini au nje ya kazi. Wateja wote, wanaume kwa wanawake, walichezwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Sura Kumi, ingawa waliomfahamu walisema hesabu hiyo imempunja. Mkurugenzi alikipa kipindi saa sita na nusu usiku akitumaini kitajifia chenyewe. Hakikufa. Walikitazama walinzi, manesi wa zamu, watu wenye mawazo, na wanafunzi waliotakiwa wawe wanasoma.

Studio ilikuwa zamani stoo ya magodoro. Iliingia kamera mbili na ofisi ya mbao, na mwenye kutaka kukohoa alitoka nje. Hadhira haikuwa na pa kukaa, kwa hiyo ilikaa kwenye kompyuta ya Fundi, kila kicheko na jina lake. Kulikuwa na Bata. Kulikuwa na Kwaya, watu thelathini kwa mpigo. Kulikuwa na Mwalimu Mkuu, kilichoanza kwa kujizuia na kuishia kwa aibu. Na kulikuwa na Shangazi.

Hicho alikirekodi Jumapili moja barazani kwa dada wa marehemu baba yake, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, siku aliyokwenda kujaribu maikrofoni mpya. Kicheko cha shangazi yake kilipanda kama mtu anayekimbia ngazi, kikakatika pumzi, kikanyamaza kabisa mpaka ukadhani kimekwisha, halafu kikarudi kwa mlio mmoja mwembamba kama bawaba ya mlango. Hakuna kicheko kama hicho. Fundi alikitumia kwa uchoyo, mara moja kwa kipindi, pale palipostahili. Mwenyewe shangazi kila siku alilala saa tatu usiku na hakujua kwamba yeye ni maarufu.

Sasa, barazani pale kila jioni shangazi alikaa na rafiki yake wa miaka mingi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pini kwa sababu aliongea akiwa na pini kati ya midomo na hajawahi kumeza hata moja. Mume wa Mama Pini aliondoka nyumbani asubuhi moja kwenda kununua balbu. Ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita. Mtaa ulishaacha kuzungumzia habari hiyo, si kwa huruma, bali kwa kuwa kulikuwa na mpya.

Fundi ndiye aliyeifufua. Ilikuwa wakati wa chai, kwenye korido ya studio. Karani na Sura Kumi walikuwa wanalalamika kwamba wamekaukiwa. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumwuliza Fundi wazo, na siku hiyo pia hawakumwuliza. Alijisemea tu.

"Mimi kuna jirani ya shangazi yangu, mumewe alitoka kununua balbu."

"Akanunua?" Sura Kumi aliuliza.

"Mwaka wa kumi na nne huu."

Sura Kumi aliweka kikombe chini. Karani alimgeukia taratibu, kama mtu aliyesikia jibu sahihi kutoka dawati la nyuma.

"Ya wati ngapi?" akauliza Karani.

Na Fundi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na watu wawili wanaomsikiliza kwa macho, alimwaga mtama wote. Wati sitini. Shati la bluu. Mwanamke anayeshona mpaka usiku, pini mdomoni. Chai yake ilipoa bila yeye kujua.

"Hiyo nipe," Sura Kumi akasema. "Mali kama hiyo haiachwi barazani."

"Chukua tu," Fundi akasema, na akajisikia msanii.

Wiki iliyofuata alikaa mezani kwake akatazama kilichorekodiwa. Sura Kumi alifika dirishani na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. "Mume wangu alitoka kununua balbu, miaka kumi na minne." Karani akafungua daftari. "Ya wati ngapi?" "Sitini." Karani akapekua ukurasa, akapekua mwingine, akafunga daftari. "Hizo zimeadimika, mama. Mpe muda."

Fundi alisimamisha picha. Pini zile zilimtazama. Nafsi ilimwambia, mpigie Sura Kumi, atoe pini. Mpigie, aseme mshumaa badala ya balbu. Nafsi ya mtu aliyezoea kupunguza sauti ni rahisi kuipunguza. Palihitaji kicheko kikubwa, na alijua ni kipi. Akakiweka baada ya "mpe muda", akasikiliza mara tatu, na mara zote tatu kilikaa vizuri, kama kitasa kipya.

Mama Pini alikuwa na magauni ya wateja ya kumaliza usiku kipindi hicho kiliporushwa, na televisheni ilikuwa imewashwa ili imsemeshe.

Kesho yake hakuja barazani. Kesho kutwa alimtuma mtoto wa jirani kumrudishia shangazi kitambaa chake alichompa amshonee, kikiwa hakijakatwa, kimekunjwa kwa adabu iliyotisha kuliko tusi. Shangazi alikwenda kugonga mlango. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Ilizidi kulia.

"Mwanangu," shangazi alimwambia Fundi Jumapili, "mimi nimemkosea nini yule mwanamke?"

Fundi alikuwa anakunywa maji. Aliendelea kunywa mpaka glasi ikaisha, halafu akanywa hewa.

"Labda amechoka, shangazi."

"Uchovu haurudishi kitambaa."

Alijua. Alijua tangu alipoona kitambaa juu ya meza. Mama Pini alisikia habari yake inatolewa kwa watu, kisha akasikia rafiki yake anaicheka, rafiki yake na si mtu mwingine, kwa ngazi na bawaba. Angefikiri nini? Angefikiri shangazi ndiye aliyeipeleka, akapewa kiti cha mbele kama zawadi. Fundi angeweza kusema hapo hapo, maneno ishirini hivi. Aliyahesabu baadaye. Badala yake alisema kazi ni nyingi, akaondoka mapema, na njiani akajipa moyo kwamba hajadanganya mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza swali lenyewe. Hoja hiyo ilidumu mpaka kwenye kona.

Jumapili ya pili alimkuta shangazi amekonda uso. Alikuwa anajichunguza maisha yake yote kama mtu anayetafuta ufunguo, anarudia mifuko ile ile. Ni zile nyanya alizosema mbovu? Ni kumwambia gauni la bibi harusi limebana? Alishamtumia Mama Pini salamu za kuomba radhi kwa nyanya, na salamu nyingine kwa gauni. Hakujibiwa.

"Nitamwambia leo," Fundi alijiambia, na akatengeneza bomba la jikoni ambalo halikuwa bovu.

Kazini aliona afadhali amwambie kwanza mtu asiye wa familia. Karani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Una wiki ngapi nalo?"

"Ya tatu hii."

"Kosa la kwanza uligawana na sisi," Karani akasema. "Hizi wiki tatu ni zako peke yako, Fundi. Hatukusaidii kubeba."

Lilimwingia. Hata hivyo ilimchukua siku nne zaidi kupiga moyo konde, na siku nne zilitosha kabisa mambo kuharibika. Alipofika kwa shangazi alimkuta amekaa kitandani, viatu miguuni, kama mgeni chumbani mwake.

"Nimelipata kosa," shangazi akasema. "Nimeshakwenda kumwambia."

"Kosa gani tena, shangazi?"

"Asubuhi ile ya balbu. Mimi nilimwona mumewe stendi. Ana begi kubwa la kahawia. Balbu haibebewi begi, mwanangu, hata mtoto anajua. Akaniambia, 'Dada, hujaniona.' Na mimi sikumwona. Miaka kumi na minne sikumwona. Mwenzangu aliacha mlango bila komeo mwaka mzima akidhani mtu kagongwa na gari, yuko hospitali, atarudi, nami niko pale namsaidia kutafuta." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nikajua ameambiwa na mtu. Nikaona bora nikiri mwenyewe. Nimesimama nje ya dirisha lake nikasema yote."

"Akasema nini?"

"Alizima cherehani. Akaniuliza, 'Begi la kahawia?' Nikasema ndiyo. Akafunga dirisha."

Siri ya miaka kumi na minne, ambayo pengine shangazi angezikwa nayo kwa amani, ilikuwa imetolewa nje kulipia kosa la Fundi. Fundi alitoka bila kuaga na kuvuka uchochoro.

"Ni mimi, Mama Pini. Nifungulie."

"Wewe una nini tena? Familia yenu leo mmepanga foleni?"

Alimfungulia. Chumba kilikuwa na meza ya kukatia, magauni matatu yasiyo na mikono, na televisheni ndogo iliyofunikwa kitambaa. Fundi akasema akiwa amesimama. Kwamba ya balbu aliipeleka yeye, kwenye chai, bila hata kuombwa. Kwamba shangazi hajawahi kukanyaga studio. Kwamba kile kicheko ni cha miaka sita nyuma na alikibandika yeye kwa mkono wake. Kwa kuwa uso wa Mama Pini haukubadilika, akatoa simu akamchezea sauti yenyewe, kabla haijakatwa. Ilisikika baraza, ikasikika sauti ya Mama Pini ikisimulia kuhusu mteja aliyekuja kupunguziwa suruali akang'ang'ania kupimwa akiwa ameivaa nje ndani, halafu ngazi, halafu pumzi, halafu bawaba.

Mama Pini alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto.

"Kumbe mchekeshaji nilikuwa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na umejua tangu lini kwamba nimemnunia kwa hilo?"

"Tangu kitambaa."

"Ukakaa."

"Nikakaa. Nikatengeneza bomba lisilo bovu."

"Sikiliza, mwanangu. La televisheni lilinichoma, nisikudanganye. Lakini lilikuwa limeanza kupoa. Jumapili hii nilikuwa nipitie pale barazani, nimtukane kidogo, yaishe." Alinyoosha gauni lisilohitaji kunyooshwa. "Sasa umeniletea begi. Begi nilifanyeje?"

Fundi alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa swali hakuwa amejiandaa.

"Nisamehe, mama."

"Wewe? Wewe subiri huko, zamu yako bado." Aliweka vidole juu ya gurudumu la cherehani. "Shangazi yako anajua kuwa ni wewe?"

"Bado."

"Loo! Hata yeye hujamwambia! Nenda kamwambie, tena sasa hivi, usianze kutengeneza bomba. Kisha mwambie aje. Asije kuomba radhi, nimezichoka radhi za ile nyumba, mpaka za nyanya nimeletewa. Aje aniambie basi alilopanda mume wangu lilikuwa linakwenda wapi."

Fundi alirudi. Akamwambia shangazi maneno yale ishirini, ambayo sasa yalikuwa yamezaa yakawa mia mbili. Shangazi alimsikiliza akimtazama mdomo, si macho. Alipofika kwenye kicheko aliuliza jambo moja tu.

"Na watu wanalipenda hilo cheko langu?"

"Sana, shangazi."

"Basi mimi leo sitaki kulisikia."

Alisimama. Viatu alikuwa navyo bado miguuni.

"Nikusindikize?"

"Unisindikize uende kusema nini? Palipotakiwa kunyamaza ulisema, palipotakiwa kusema ukanyamaza. Kaa hapo."

Akakaa hapo. Kutoka chumbani kwa shangazi mpaka kwa Mama Pini ni hatua ishirini na ukuta mmoja wa matofali, na sikio la Fundi lilikuwa limefundishwa kusikia mtu akimeza mate kwenye chumba cha pili. Alisikia hodi. Alisikia komeo. Cherehani ilisimama katikati ya mshono. Baada ya hapo zilikuja sauti mbili za chini, moja ikieleza, nyingine ikiuliza, zikipishana, hazikupanda wala hazikuisha, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi Fundi aliziba masikio kwa viganja, kwa kuwa hayo hayakuwa yake kuyasikia, akabaki hivyo mpaka ukutani pakaingia giza.