Walinichagua Nikiwa Sipo

Jumuiya yetu ya kanisa ya hapa Masasi ina desturi moja mbaya, na wakinisikia wanisikie tu: siku ya uchaguzi anachaguliwa asiyekuwepo. Aliyekuwepo ana mdomo wa kujitetea. Atasema mgongo unamsumbua, atasema mikorosho yake haijapaliliwa, atasema mume ni mkali. Asiyekuwepo hana wa kumsemea, basi kura zote zinamwangukia, na watu wanarudi nyumbani wamefurahi. Hivyo ndivyo nilivyopata uenyekiti, mimi niliyekuwa sijakanyaga jumuiya kwa miezi mitano.

Siku hiyo nilikuwa uani nafua. Nikasikia nyimbo kwa mbali, nikadhani wanapita. Kumbe wanakuja kwangu. Jumuiya ikishakujia kwa nyimbo huna pa kukimbilia, maana majirani wote wameshatoka kuangalia. Nilifikiria kupita mlango wa uani, lakini mlango ule unatokea kwa jirani yetu, Myao mmoja Mwislamu ambaye ni mtani wangu wa siku nyingi, na yeye alikuwa amesimama palepale na kanzu yake, anacheka.

"Wamekuja kukukamata, Mmakonde! Leo hutoki!"

Waliingia, wakaweka kikapu mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, daftari la mahudhurio na msalaba mdogo wa mpingo, vyote vimefungwa kwenye kitenge. Mikono yangu ilikuwa na povu mpaka viwikoni. Nikafungua mdomo niwaambie sitaki, tena nilitaka kulisema neno hilo kwa nguvu, lakini kabla sijatoa sauti mama mkwe wangu akajibu kutoka mlangoni.

"Amekubali."

Vigelegele. Jamani! Mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, ninayenyamazisha watoto themanini kwa jicho tu, nimesimama nachuruzika sabuni na ninaposwa na kanisa mbele ya macho yangu. Na kwetu cheo cha kanisa hakikataliwi. Ukikikataa, likikupata jambo hata la kuumwa jino watu watasema unaona sasa.

Niliuliza nani alilitaja jina langu. Wanawake wakatazamana, mmoja akasema, "Mzee mwenyewe." Yaani mwenyekiti aliyekuwa anaondoka, kwa sababu macho yalikuwa yamemwishia na hawezi tena kusoma. Katika watu wote wa Masasi, yule ndiye niliyekuwa nimemkimbia.

Lazima nieleze. Mimi ni wa Newala, juu kule, kwenye ukungu na baridi ya asubuhi. Masasi nililetwa na ndoa. Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo hapa naitwa Mwalimu, siitwi mama wa fulani, na nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Msimu wa kupulizia mikorosho, mume wangu alianguka shambani kwetu upande wa Chiwata, bomba la salfa likiwa bado mgongoni. Presha. Hospitali walifanya walichoweza, kisha tukarudi naye nyumbani, upande mmoja wa mwili umelala, maneno hayatoki.

Jumuiya ilihamia kwetu. Kila jioni saa kumi na moja walikuja, wakajaa chumbani, wakasali, wakaimba. Siku ya saba nilimshika yule mzee mkono, nikamwuliza mbele ya watu wote, "Baba, atapona?"

Akanitazama. Siku hizo alikuwa bado anaona.

"Atapona, mwanangu," akasema. "Atapona."

Nililala usingizi siku hiyo, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu aanguke. Niliamka nikafua mashuka yake, nikapiga pasi shati lake jeupe ili alivae Jumapili akiweza kukaa. Siku ya kumi na moja akafa. Shati lile nililopiga pasi ndilo alilozikwa nalo, na yule mzee alisimama kaburini akasali kwa sauti ileile. Nilimchukia. Sitatafuta neno la adabu, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na nikasema jumuiya basi.

Nilitaka nirudi Newala. Niliandika hadi barua ya kuomba uhamisho, nikamsomea mama mkwe. Alisikiliza akiwa anabangua korosho, hakuinua kichwa.

"Nenda, mwanangu. Mimi nitabaki na mwenzangu."

Mwenzake ni nani? Ni mtoto wake, kaburini, mtoto pekee aliyemzaa. Sasa mwanamke wa namna hiyo unamwachaje? Barua niliiweka kabatini. Nikabaki kwenye nyumba ile chini ya mlima wa mawe, mawe yanayoshika joto mchana kutwa na kutupumulia sisi jioni, na ukutani kuna picha ya harusi, na kila asubuhi kuna bibi anayeniuliza kama nimelala. Sikulala. Nilikuwa nikisema nimelala.

Basi, baada ya kukabidhiwa kikapu, Alhamisi zikaanza. Saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba kwa zamu, mikeka imetandikwa, mwenye nyumba kachemsha chai au, ikiwa ni msimu wake, ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoipenda sisi wa huku kusini. Mimi nasoma sala kwa sauti ya darasani. Naita mahudhurio. Wanasema jamani mwenyekiti mpya ana nidhamu. Nidhamu gani? Nilikuwa nataka tumalize niondoke. Kusali mwenyewe, kutoka moyoni, sikuwa nasali. Nilisoma yaliyoandikwa, na yakishasomwa nafunga kitabu.

Na yule mzee alikuwa haachi kuja. Mke wake alimshika mkono njia nzima, akamkalisha mkekani, mara nyingi karibu yangu, akaninong'oneza, "Mwalimu, mtunze mzee wangu, asije akasinzia akakoroma kwenye Injili." Mke wake nilimpenda, hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Mwanamke mnene wa Kimakua, mcheshi, ambaye wakati wa msiba wangu alininywesha uji kwa kijiko nilipokataa kula. Akanifinya shavu akasema nikifa na njaa atanizika bila jeneza. Mume wake nilikuwa namsalimu shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, na salamu zetu ziliishia hapo mwaka mzima.

Kitabu chetu cha mafundisho kilikuwa na somo lenye swali moja: kwa nini Wakristo wanakusanyika? Nikawauliza, kwa sauti yangu ya darasani. Wakajibu vizuri, kama watoto wanaojua mwalimu anataka nini. Ili tusifu pamoja. Ili tujifunze neno. Ili tutiane nguvu. Mimi nikawa najibu kimoyomoyo. Tunakusanyika kwa sababu ukikosa Alhamisi tatu wanakufuata na nyimbo. Kwa sababu bila jumuiya ndoa haifungwi, mtoto habatizwi, na siku yako ikifika wa kukubeba ni walewale. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu kumi na wawili waliokuwa wananitazama kwa upendo, haki ya Mungu, na nilihisi kukabwa. Mzee hakujibu swali. Alikuwa amesinzia.

Nitasema na hili, maana bila hili nitakuwa nimedanganya. Nilikuwa nangoja. Nilijua ipo siku yule mzee naye atakuwa na mgonjwa wake au msiba wake, na atauliza kama nilivyouliza, na mimi ndiye nitakayekuwa mwenyekiti. Yeye mwenyewe alinichagua! Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Nitamwambia sijui. Nitamwambia muulize huyo aliyekuambia wa kwangu atapona. Nilijifunza kulisema huku napika, huku nasahihisha madaftari. Sikuwa naona aibu.

Korosho zilipoanza kuanguka mwaka wa pili, mke wake akaanza kuumwa. Tumbo. Alikonda upesi hata nguo zikawa za mtu mwingine. Walimpeleka hospitali, wakakaa wiki mbili, wakarudi naye, na kila mtu akaelewa maana ya kurudi naye. Jumuiya ikahamia kwao, kila jioni, nami nikiwa mbele na kikapu changu. Mama mkwe hakunikumbusha hata mara moja. Ikifika saa kumi na nusu anakiweka tu kikapu mlangoni.

Siku ya tano tulikuwa wengi. Chumba chao ni kidogo, kina dirisha moja na kitanda cha futi nne, na watu walipozidi kuingia mimi nilisukumwa mpaka ukutani, goti langu likagusa ubao wa kitanda. Mlango sikuuona tena, ulikuwa umejaa migongo na khanga. Harufu ya mabibo yaliyooza nje chini ya mikorosho ilikuwa inaingia dirishani. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, anapumua kwa kuvuta. Mzee alikaa miguuni, kwenye kigoda, ameishika miguu ya mkewe kwa mikono miwili juu ya shuka.

Nikasoma sala ya wagonjwa mpaka mwisho. Nikafunga kitabu. Hapo kwa kawaida watu wanaanza wimbo wa kuondokea, lakini mzee aliinua uso.

"Mwenyekiti," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Atapona?"

Mwaka na zaidi nalibeba jibu lile, na sasa limeitwa, na watu wote wapo wa kulisikia, tena wengi wao ndio waliokuwepo chumbani kwangu siku ile. Nilitaka kutoka. Kama mlango ungekuwa wazi ningetoka, ningeacha kikapu, ningepanda gari la Newala hivyohivyo na kandambili. Lakini mgongo wangu ulikuwa umebanwa ukutani. Nikamtazama yeye. Macho yake hayakuwa yananiona, lakini alikuwa ameyaelekeza pale sauti yangu ilipotoka mara ya mwisho, na vidole vyake vinaipapasa miguu ya mkewe, kidole kwa kidole, anavihesabu.

"Atapona, baba," nikasema.

Ni mimi niliyesema. Kwa mdomo wangu. Wanawake wakaitikia Amina, wimbo ukaanza, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mimi nimesimama pale nashangaa nani ameyasema maneno yale. Nilitafuta hasira yangu, nilikuwa naihitaji, sikuipata. Badala yake nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu na miguu ya mgonjwa na mikono ya mzee.

Mzee alisikia kitanda kimelalia upande. Akanyoosha mkono, akakosa, akanyoosha tena akaupata mkono wa gauni langu.

"Ahsante, mwanangu," akasema polepole. "Najua hujui."

Nikakiweka kitabu mapajani.

"Hata mimi siku ile sikujua. Uliniuliza, ukanitazama. Nikashindwa." Mkono wa gauni hakuuachia. "Nimekukosea. Kila Alhamisi nilikuwa nakaa karibu yako nikitaka kulisema hili, nikashindwa vilevile."

Nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, makamasi na yote, mbele ya mgonjwa, mimi niliyekwenda kufariji. Tangu tumzike mume wangu nilikuwa sijalia hivyo, maana nyumbani kuna mama yake, nikianza mimi ataanza yeye, na sote wawili tulikuwa tunachungana. Mzee aliniacha nilie. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia ni mapenzi ya Mungu.

Nilipoweza kusema, nikamwuliza, "Sasa asipopona je, baba? Nimeshasema."

"Asipopona mtakuwa mpo," akasema. "Mimi mwenyewe peke yangu kwenye chumba hiki siwezi."

Mkewe alikufa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani, nafundisha hesabu za sehemu, ubao umejaa. Hakuna aliyekuja kuniita kwa nyimbo. Jirani yangu Myao alinipigia simu, akasema mama wa watu amekwenda, na safari hii hakutania. Niliwaambia watoto wafungue ukurasa wasome kimya. Kisha nikatoka, nikashika njia ya kwa mzee, na chaki ikiwa bado mkononi.